Koti la Kupikia Rosti

Makaburini walisoma wasifu wake. Alizaliwa wapi, mwana wa nani, wa ukoo upi, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Aliyesoma ni mpwa wake wa hapo Namtumbo, mtu mwenye sauti nzuri ya kunadia mbuzi, na alisoma bila kukosea mpaka mwisho, akakunja karatasi. Sikusikia neno sanduku. Sikusikia neno koti. Nikamnong'oneza mama kwamba hawa wamemzika mtu mwingine. Mama akanifinya. Kwa hiyo mambo ya kuzaliwa na ukoo mtayapata Namtumbo, karatasi ipo. Mimi nitasema ya koti.

Mtaani kwetu Bombambili aliitwa Mpishi, hata na watu ambao hawakuwahi kuonja mchuzi wake. Mimi nilimwita Babu nikiwa mbele yake. Nikiwa nyuma ya ua wake nilimwita majina mengine, na Mungu anayajua yote, hana haja ya kukumbushwa.

Mpishi alipika nyama kwa koti. Sisemi kwa mafumbo. Jumapili saa kumi na moja alfajiri aliwasha moto kwenye banda la nyuma. Alichukua kipande kizima cha kidari cha ng'ombe, akakifunga kwa uzi wa katani kama mzigo wa posta, akakigeuzageuza kwenye mafuta mpaka kila upande ukawa kahawia. Halafu vitunguu, karoti, nyanya, punje chache za pilipili manga, na maji ya kumfika nyama mabegani tu, maana alisema hatumbatizi. Kikachemka nusu saa. Hapo mtu mwingine yeyote wa Songea angeongeza kuni. Yeye aliuzima moto. Akaibeba sufuria ikiwa bado inatokota, akaivingirishia koti, akaitumbukiza kwenye sanduku la mbao lililoshindiliwa nyasi kavu, akafunika, akaweka jiwe juu, akanawa mikono, akaenda kanisani. Saa nane mchana alitoa jiwe. Nyama ilikuwa imelainika kiasi kwamba ukiitazama kwa ukali inaachana.

Koti lenyewe lilikuwa la mitumba, la sufu, rangi ya majivu, refu kama kanzu ya padri. Lilifika miaka ile marobota yalipoanza kufunguliwa sokoni na sisi tuliokuwa tunavaa viraka tukageuka ghafla kuwa wachaguzi. Watu waligombania suruali na blauzi. Koti lile lilikaa pembeni wiki tatu, maana aliyelishona alikuwa anafikiria nchi nyingine kabisa. Wanasema Mpishi aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akautuliza humo kama anayempima mgonjwa homa, kisha akamwambia muuzaji, "Hili linajua kutunza." Akalibeba. Hakulivaa hata siku moja. Julai, upepo wa Matogoro ukikukata masikio, yeye alizunguka na shati la mikono mifupi, na koti liko sandukuni limevalishwa sufuria.

Tulikuwa na wimbo wetu wa kuimba nje ya ua wake: koti limeiva, mifuko bado. Mtunzi ni mimi. Alikuwa akitoka na mwiko, anatusikiliza hadi mwisho kama mtu aliyelipa kiingilio, halafu anasema ubeti wa pili umepwaya.

Ujuzi wa sanduku aliupata wapi, hilo alilieleza kwa namna tatu. Mama yangu aliambiwa kwamba alifundishwa na bruda mmoja wa Hanga, mtawa aliyechukia kupoteza kuni. Mimi niliambiwa ni mama yake mzazi, aliyekuwa akifukia viazi kwenye majani ya moto akienda shamba. Mwenye bucha aliambiwa ni jeshini. Siku moja nilimbana kwamba hadithi tatu haziwezi kuwa kweli zote. Akasema, "Wewe umekuja kula au kuhoji?" Nilikuwa nimekuja kula.

Kazi yake ya zamani ilikuwa kwenye nyumba moja ya wageni ya serikali hapa mjini. Aliwapikia wakubwa waliokuja na magari yenye vumbi, na rosti yake, kwa maneno yake mwenyewe, iliwahi kumfanya mkaguzi mmoja asahau kukagua. Baadaye nyumba ile ikauzwa kwa mfanyabiashara, mambo yote yakawa ya soko huria, na soko huria likataka chipsi mayai. Wafanyakazi wakaambiwa asanteni. Wenzake walidai magodoro, viti, wengine vitasa vya milango. Yeye aliomba sanduku la mbao la majani ya chai lililokuwa stoo, lile lenye karatasi ya kung'aa kwa ndani. Wakamcheka. Akaondoka nalo juu ya baiskeli, na aproni yake nyeupe aliyoendelea kuivaa nyumbani miaka yote, imefuliwa, imepigwa pasi, kama vile wakubwa wangeweza kupiga hodi wakati wowote.

Alikuwa mvumilivu kwa nyama na hana uvumilivu kwa mtu. Padri akizidisha mahubiri, Mpishi alitazama dari na kupuliza pumzi kama sufuria. Alitoka kabla ya matangazo, kila Jumapili, akidai matangazo hayana chumvi. Alisema mpishi hali kabla ya mgeni, lakini alionja mara saba. Misemo yake ilikuwa miwili tu na aliitumia kwa kila jambo, ndoa, siasa za vyama vingi, mitihani yangu ya hesabu. Wa kwanza: nyama haina haraka, wenye haraka ni meno. Wa pili: kifuniko si mlango. Huu wa pili ndio ulikuwa sheria ya nyumba ile. Ukifunua sanduku kuchungulia, joto linatoka, na halirudi kwa sababu chini hakuna moto wa kulirudisha. Aliyefunua amekula kabla ya wenzake, hata kama hakugusa nyama.

Mtoto wake wa Dar es Salaam alimtumia kwa basi sufuria la umeme. La udongo kwa ndani, kioo juu, waya nyuma, na kijitabu chenye picha ya mwanamke mweupe anayelichekea. Linapika polepole kutwa nzima, ndivyo kijitabu kilivyosema, unawasha asubuhi unaenda zako kazini. Nusu ya mtaa ilikuja kulitazama. Mpishi akaweka kidari, akawasha, akakaa mbele yake kwenye kiti kama anayesubiri kinyozi. Saa nne umeme ukakatika. Ulirudi jioni. Nyama ilikuwa si mbichi si iliyoiva, na ilikuwa na harufu ya mtu aliyekasirika. Akaizika nyuma ya banda, akasema hili sufuria linategemea mtu aliyeko ofisini, lakini koti lake halijawahi kukatika. Tangu siku ile sufuria lile lilitunza misumari na vifungo.

Na ugali hakuujua. Mtu aliyewalisha wakubwa nusu ya maisha yake hakuweza kusonga ugali usiokuwa na madonge. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe.

Sasa nimefika kwake, baada ya kuzunguka kote huko makusudi.

Mkewe tulimwita Bibi. Mdogo, mwembamba, hana meno, na mzaha wake ulikuwa na meno thelathini na mawili. Wimbo wa koti ukipigwa nje, Mpishi alikosoa beti na Bibi aliitikia kiitikio kutoka ndani. Alinipenda kwa sababu ya utundu ambao kwa mama yangu ulikuwa sababu ya fimbo. Kisha akaanza kuumwa tumbo, akakonda, akawa halali, hali. Wiki kadhaa ni uji tu, na uji wenyewe unabaki nusu kikombe. Mpishi alipika kila alichokijua, akarudi na sahani jikoni ikiwa kama ilivyokwenda. Alizidi kuwa mkali kwa watu. Mwenye bucha alimkimbia.

Jumamosi moja Bibi akasema, "Kesho nitakula rosti."

Mama aliniambia kwamba Mpishi alikuja kwetu jioni ile kutangaza, kama anayetangaza harusi. Akaomba jambo moja: asubuhi, yeye akiwa kanisani, niende nikae na Bibi. "Mchekeshe kidogo," alisema. "Apate hamu."

Nilikuwa kidato cha pili. Shuleni walikuwa wamenipa ukiranja wa usafi kwa matumaini kwamba cheo kitanitia adabu, na beji yake nilikuwa naivaa hata Jumapili, kwa kejeli. Nilimkuta Bibi amelazwa kwenye mkeka barazani nyuma, juani, karibu na banda. Nikamsimulia hili na lile. Akatabasamu kwa adabu, na kwa Bibi tabasamu la adabu lilikuwa jambo la kutisha. Nikaona kwamba nahitaji nguo. Mwalimu wetu mkuu alikuwa mama mrefu aliyevaa koti kubwa kwenye baridi, anakohoa mara tatu kabla ya kutoa adhabu. Koti nililijua lilipo.

Nilitoa jiwe. Nilifunua. Nikaivua sufuria koti, nikaliweka mwilini, limejaa moto wa nyama na harufu ya kitunguu, linaburuza chini. Nikabandika beji kifuani, nikakohoa mara tatu, nikaanza kukagua usafi barazani. Bibi alicheka. Alicheka akashika tumbo, akanipungia mkono niache, nisiache. Nami sikuacha. Kengele ya kanisa iliponizindua ilikuwa imepita karibu saa nzima. Nikarudisha kila kitu haraka. Niligusa ubavu wa sufuria na haukuniunguza. Ulipaswa kuniunguza.

Saa nane Mpishi alifunua mbele yetu wote wawili, amevaa aproni safi. Alisimama ameinama juu ya sanduku muda mrefu kuliko kawaida. Kisu kilipoingia kwenye nyama, kilitoa sauti. Akamkatia Bibi kipande chembamba kabisa, akamlisha. Bibi alikizungusha kwa fizi huku na huku, jicho limefumba, amejitahidi kama mtu anayepandisha kilima. Mwisho akakitoa kwa vidole viwili, akakiweka ukingoni mwa sahani, taratibu, kama asingependa kukiamsha.

"Sanduku limezeeka," Mpishi akasema.

"Hata mie," Bibi akamjibu.

Bibi alinitazama mara moja. Jumanne wakampeleka hospitali, Ijumaa tulizika. Hakuomba chakula kingine.

Beji sikuiona tena. Shuleni niliadhibiwa kwa kuipoteza, nikafyeka nyasi wiki mbili, na ile adhabu niliifurahia, nilitamani iwe kubwa zaidi. Siku ya arobaini ya Bibi, watu wakiwa wanasubiri chakula uani, Mpishi alinipita na kunitia kitu kiganjani, kimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Umeangusha, Mwalimu Mkuu."

Kumbe niliiacha imebandikwa kwenye koti. Alikuwa nayo tangu alipoinama juu ya sanduku, kabla hata ya kisu.

Kuanzia hapo aliniita Mwalimu Mkuu barabarani, sokoni, mlangoni mwa kanisa. Mama alifurahi, akaona mzee ananitabiria makubwa. Watu wakaipokea, hata leo wapo wanaoniita hivyo. Mimi nikawa nazunguka njia ya nyuma ili nisikutane naye. Wimbo wa koti ulikufa wenyewe, na sanduku halikupikiwa tena. Aliishi kwa uji, mboga ya likolo na ule ugali wake wa madonge, akaula peke yake karibu mwaka mzima.

Julai iliyopita mama alileta habari kwamba mpwa anakuja kumchukua, anahamia Namtumbo, kifua hakimwachi. Nilimwomba mama kipande cha kidari. Alinipa bila kuniuliza, jambo ambalo kwa mama ni muujiza wa pili baada ya ule wa Kana. Nikaenda saa mbili asubuhi, ukungu haujatoka.

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha banda. Amevaa koti.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo yote isipokuwa hilo. Lilimmeza. Mikono ilikuwa imepotelea ndani ya mikono ya koti, na juu ya kola kimebaki kichwa kidogo chenye kofia. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, Mwalimu Mkuu, na akakohoa mara tatu, na sijui kama ilikuwa kifua au ilikuwa mimi.

Nikamwonyesha nyama, nikamwomba anifundishe. Akasema sanduku lina manyoya ya kuku. Nikalisafisha. Akasema halina nyasi. Nikakata zilizokauka nyuma ya ua, nikazishindilia, akanirudisha mara mbili kwa sababu ya pembe. Nikafunga uzi wa katani, akaufungua, nikafunga tena. Kidari kikapata rangi, kikachemka nusu saa. Moto ukazimwa. Hapo tukatazamana, maana kilichobaki ni koti.

Alilivua mwenyewe. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyotaka kumwona. Nikavingirisha sufuria, nikafunika, nikaweka jiwe, halafu nikavua sweta langu la shule nikamvalisha. Lilimtosha. Alikaa pale na sweta la kijani na beji ya kiranja wa usafi, akajitazama kifuani.

Tukasubiri. Nilihesabu kuku, nikahesabu misumari ndani ya sufuria la umeme. Ikapita saa moja, na zaidi kidogo.

"Babu," nikasema, "Jumapili ile nilifunua mimi."

Alikuwa anachokoa majivu kwa kijiti. "Beji niliikuta kulia," akasema. "Walimu hubandika kushoto."

"Nisamehe."

"Sikukuuliza kwa sababu nilijua utasema hivyo." Kijiti kikavunjika, akachukua kingine. "Mimi nilitaka kitu kingine. Jioni ile Bibi yako aliniambia, leo nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Nikamwuliza, umecheka nini? Akasema atanieleza kesho. Kesho yake hakuwa na sauti ya kueleza. Mwaka mzima nasubiri, na wewe unapita njia ya nyuma." Akanigeukia. "Alicheka nini?"

Nilimwambia kwamba si jambo la kusimulia, ni la kuonyesha. Na la kuonyesha linataka koti, na koti limeshafunikwa.

Mpishi alilitazama sanduku. Miaka yote niliyomjua hakuwahi kulifunua kabla ya wakati, hata siku alipodondosha kijiko ndani. Aliinuka kwa kujishika ukuta. Akatoa jiwe, akaliweka chini polepole. Akafunua. Mvuke ukampanda usoni. Akalivua koti, akalikung'uta nyasi, akaninyooshea.

"Babu, nyama itakuwa ngumu."

"Mimi bado nina meno."

Nikavaa. Lilikuwa la moto kama siku ile. Nikamwendea, nikaibandua beji kifuani pake, nikaibandika kwenye koti, upande wa kulia. Nikamlaza kwenye mkeka alipokuwa Bibi. Nikakohoa mara tatu. Nikatembea barazani na koti linaburuza, nikakagua sufuria, nikakagua kuku, nikasimama juu yake na mikono nyuma, nikasema kwa ile sauti ya mwalimu wetu mkuu, "Wewe msichana, mbona umelala paredi? Na sketi ina makunyanzi, hakuna pasi kwenu?"

Mpishi alikuwa ananitazama mdomoni. "Akajibu nini?"

"Akasema, nisamehe mwalimu. Nimeolewa na mpishi wa wakubwa, pasi anaipigia aproni yake tu, na hata ugali hajui kusonga."

Mabega ya sweta la kijani yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, akacheka na kifua kikaingilia, nikataka kuacha, akanipungia mkono niache, nisiache, vilevile kama Bibi. "Hata ugali," akasema. Akafuta macho kwa mkono wa sweta langu. "Hata ugali. Mwanamke yule."

Saa nane tulikula. Nyama ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu, na ugali alisonga yeye, alikataa kusaidiwa, kwa hiyo mnajua. Tulitafuna muda mrefu, taya zinauma. Alimaliza kipande chake chote. Akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, akakaa, akaniomba nirudie tena pale pa ugali.